Kipimo cha homa ya ini kimegeuka askari wa mpakani

Mwaka juzi mpwa wangu alitoka kupimwa medikali ya kwenda Qatar akarudi na karatasi moja tu mkononi, na katika ile karatasi neno lililomfika ni moja, anfiti, yaani hafai. Ajenti alikuwa ashampigia simu kabla hata matatu haijavuka daraja la Kilifi, ashamwambia basi tena, tafuta kazi nyengine. Kijana akafika hapa Malindi akaingia ndani akalala na viatu vyake, siku mbili hakuongea na mtu, ya tatu mamake akaja kwangu na ile karatasi ameikunja ndani ya leso akaniambia, "Kakangu, hebu nisomee hapa, mwanangu ana nini?" Nikasoma. Ana hepataitisi B, moja ya hizi homa za ini. Huko alikopimwa hakuna aliyemkalisha chini akamweleza hicho kitu ni nini, arudi kupimwa nini tena, nyumbani nani mwengine apimwe, akae na mkewe vipi. Walimtoa damu, wakaona kitu kinachoweza kumla ini kimyakimya miaka thelathini, wakamgongea muhuri wakamwambia nenda.

Nimekaa na jambo hili moyoni na leo nataka niliseme lote. Kila mwaka tarehe 28 Julai, Siku ya Homa ya Ini Duniani, tunasikia yaleyale, watu hawajitokezi kupima, jamii za wahamiaji ni wagumu, wana imani potofu, waelimishwe. Mimi sikubali. Mimi naona familia za wahamiaji, za hapa kwetu na za ndugu zetu waliokwenda kuishi ng'ambo, zimekutana na hiki kipimo mara ya kwanza kikiwa mlangoni kimeshika rungu, kinaamua nani aingie nani arudi, kwa hivyo mtu akikikimbia amekimbia kitu anachokijua vizuri. Na mpaka tukitoe hapo mlangoni, hata ukileta mabango na vipaza sauti vya dunia nzima utakuwa wapigia mbuzi gitaa.

Anza na hapa Malindi. Mji huu ni wa waliokuja. Sisi wenyewe kwetu ni Chula, visiwa vya Wabajuni kule upande wa Kismayu, serikali ya Somalia ilipoanguka 1991 tukaingia mashua na vitu tulivyoweza kubeba, mimi nilikuwa na miaka tisa. Kuna wenzetu wa Chovai, wa Koyama, kuna Wabarawa. Kuna Wapemba waliopiga kambi za uvuvi Ngomeni na Mayungu na Watamu tangu enzi za babu zao, watoto wakazaliwa hapa wakazaa hapa na bado hawana kipande, yaani kitambulisho, mpaka 2023 ndo serikali ikawatambua rasmi kuwa Wakenya. Fikiria mtu aliyeishi maisha yake yote hana kipande, anaambiwa kila akienda ofisini babako alizaliwa wapi, nyanyako alizikwa wapi, leta wazee watatu wa kukujua. Hiyo twaiita vetingi na kila nyumba ya Kibajuni inaijua. Sasa mtu huyo umjie mlangoni na rejista na kalamu, umuulize jina lake kamili na alikotoka, kisha umwambie nataka damu yako. Moyo wake utaruka kwanza, ndo masikio yafuate.

Hili nimeliona kwa macho. Mwaka jana niliandamana na wahudumu wa afya ya jamii, wale waliopewa mikoba na serikali 2023, wana mashine ya presha, kipimo cha sukari, kipimo cha malaria, ni watu wazuri sana na wanatembea jua kali kwa posho ndogo. Tuko Ngomeni, kina mama wamekaa barazani wanapara samaki, mhudumu anaeleza vizuri tu habari ya ini, wanamsikiliza, mmoja wao mtu mzima akauliza swali moja, "Haya majina mwayaandika ya nini?" Mhudumu akasema ni ya rekodi. Yule mama akasema aa, ya rekodi, akarudi kwa samaki wake, na wote wakarudi kwa samaki wao. Hapakuwa na ugomvi wowote. Kazi iliishia hapo, kwa neno rekodi.

Halafu kuna jina lenyewe la ugonjwa, na hapa lawama ni yetu sote tunaoongea Kiswahili. Tuna homa ya manjano, tuna manjano tupu, tuna homa ya ini, wazee wana safura, wengine watakwambia nyongo imepanda, na yote haya mtu anayatia kapu moja sababu macho yanageuka rangi. Nimekutana na mzee wa kutoka Chovai akanitolea kadi yake ya chanjo ya njano, aliyochanjwa akienda hija, akaniambia mimi hiyo nshachanjwa mwanangu, niache. Ile kadi ni ya homa ya manjano, ugonjwa wa mbu, hauna ujamaa wowote na hepataitisi. Na hepataitisi nayo ina herufi zake, A na E zaja kwa maji na chakula kilichoingia uchafu wa choo, E ndo ile iliyozuka makambini Dadaab 2012, na ni mbaya zaidi kwa mama mjamzito. B na C zaja kwa damu, B pia yaja kwa tendo la ndoa na kwa mama kumpa mtoto wakati wa kuzaa. D haiji peke yake, inampanda mtu ambaye tayari ana B. Ni virusi tofauti kabisa, vimekutana tu kwenye ini, kama vile wezi watano wa mitaa tofauti waliovunja nyumba moja.

Sasa angalia mchanganyiko huu unafanya nini ndani ya nyumba. Mtu amesikia redioni hepataitisi yaambukiza kwa chakula, wiki ijayo akasikia kijana wa nyumba hii ana hepataitisi, anapiga hesabu yake. Mpwa wangu alitengewa kikombe na sahani. Na aliyemtengea si adui, ni nyanyake, yaani mamangu mimi, anayempenda kushinda sisi sote. Kwetu watu wanakula sinia moja, ukimtoa mtu kwenye sinia umemwambia wewe si wetu, na huyu kijana alikuwa ashaambiwa hivyo na Qatar wiki moja nyuma. Na ilikuwa bure. B haipiti kwa wali wala kwa kikombe, haipiti kwa kushikana mikono wala kwa kumbembeleza mtoto. Wakati huohuo bafuni kulikuwa na wembe mmoja wa ndevu vijana watatu wanautumia kwa zamu, na hakuna aliyeuangalia mara mbili, na ule wembe ndo ulikuwa wa kutengwa, manake virusi vya B vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 au zaidi na bado vikawa na nguvu ya kuambukiza. Tulitenga kikombe tukaacha wembe. Nikikumbuka nakatika maini hadi leo.

Mtu akiniuliza elimu ya homa ya ini ianzie wapi kwa familia zetu, nitamwambia ianzie hapo kwenye sinia na wembe, hayo mambo ya protini na herufi yatafuata. Chale za mganga, chuku na hijama, kutoga masikio watoto wa kike, jando linalofanywa nyumbani, kinyozi wa mtaani. Simwambii mtu aache hijama, wazee wetu wameifanya na wengi wanaiamini kama dini. Namwambia kila mtu na wembe wake mpya, ufunguliwe mbele ya macho yake. Nimeongea na mzee mmoja anayefanya hijama hapa Barani, nilidhani atakasirika, akanijibu kwa utulivu sana kwamba yeye tangu zamani anabadilisha, shida ni wateja wenyewe wanamwambia sisi ni ndugu, tumia huohuo. Kwa hivyo huyo mzee ni mtu wa kuwa upande wetu, na sijaona kampeni hata moja iliyokwenda kumgongea mlango.

Nije kwa ndugu zetu wa ng'ambo, sababu huko ndo nilikojifunza mengi. Mamangu mdogo, mdogo wa huyu mamangu, baada ya miaka kwenye kambi ya Utange Mombasa alipata safari ya Marekani na sasa yuko Columbus, Ohio. Alipofika walimpima kila kitu, wakimbizi wanapimwa wakifika, na wakamwita kumweleza majibu. Kwenye karatasi ameandikwa Msomali, basi akaletewa mkalimani wa Kisomali kwenye simu, na mamangu mdogo Kisomali chake ni cha sokoni, bei gani, punguza, basi. Aliitikia haa, haa, mpaka mwisho, akatoka pale akijua ana kitu kwenye damu na kwamba asimwambie mtu. Miaka mingapi imepita hapo katikati sijui hata nikuhesabie vipi, hadi siku moja kwenye hitima nyumbani kwa mwanamke mwenzao akakaa karibu na nesi wa Kibarawa, na yule nesi akaanza kueleza habari ya ini kwa Chimwiini, lahaja ya kwao Barawa, ambayo Mbajuni akisikiliza polepole anaifuata. Alinitumia voisi usiku huohuo analia. Anasema, "Mwanangu, kumbe hii ni kitu ya kufuatiliwa tu, kumbe sikuwa nakufa." Wiki hiyo akawapeleka watoto wake wote wanne kupimwa.

Ona tofauti iliyoko hapo. Mashine ilikuwa hospitali tangu siku ya kwanza, na daktari alikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwa lugha ya nyumbani, mahali ambapo hakuna mtu anayeandika jina lake. Na jambo jengine ambalo yule nesi alimwambia ndo liliomfungua kifua zaidi, kwamba Marekani hepataitisi B haikufukuzi nchini, haiko kwenye orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kupewa makazi. Miaka yote hiyo mamangu mdogo alikuwa akiamini wakijua sana watamrudisha. Nani alimwambia hivyo? Hakuna, aliona watu wa kwao wanaokwenda Ghuba wakirudishwa kwa hiyo B, akajua ni hivyo kila mahali. Nchi za Ghuba zinawapima wafanyakazi B na C na mwenye nayo anaandikwa hafai, na habari za Ghuba kwa watu wa pwani ndo habari zinazotembea haraka kuliko zote. Kwa hivyo mwanamke anayekataa kupimwa Ohio au Minnesota amebeba muhuri uliogongwa kwa ajili ya Doha, huko Qatar.

Wamarekani wenyewe wanajua kuna shida. Minnesota ndo kuna Wasomali wengi kuliko jimbo lolote lengine, na madaktari wa huko wameandika miaka mingi kwamba B, C na saratani ya ini ziko juu kwenye hiyo jamii. Tangu 2023 mwongozo wa taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, CDC, unataka kila mtu mzima apimwe B angalau mara moja maishani, na mimi naipenda hiyo sana, sababu ukishasema kila mtu umemtoa mhamiaji kwenye mstari wa washukiwa, hapimwi sababu katoka Kismayu, anapimwa sababu ni mtu mzima. Hata hapa tungeanza hivyo, usiende Ngomeni ukasema tumekuja kuwapima Wapemba, wapime Malindi yote na Ngomeni iwe ndani yake.

Kuna mfano wa San Francisco unaotajwa sana. 2007 walianzisha kampeni ya San Francisco Hep B Free, kwa ajili ya familia za asili ya Asia, Wachina, Wavietnam, Wafilipino, wakaunganisha hospitali, biashara na vyama vya jamii, kipimo na chanjo zikapatikana bure au kwa bei ndogo. Kazi kubwa, na nawavulia kofia. Lakini 2010 wakatoa mabango yenye watu kumi kwenye picha moja, wazuri, wamevaa vizuri, na swali juu, yupi kati yao anastahili kufa? Manake walisema mmoja kati ya kumi ana B. Bango kama hilo ukilibandika hapa sokoni Malindi, au ukalipeleka kwa Wabajuni wa Columbus, mtu ataliangalia atasema astaghfirullah, ataondoka, na tena atamkataza mwanawe asipite njia hiyo. Sisi kifo hatukitaji kwa mtu aliye hai tukamnyooshea kidole. Uoga unamfikisha mtu mlangoni mara moja, na hepataitisi B inataka arudi kila miezi sita miaka na miaka. Uoga hauwezi kazi hiyo, na wala usinidanganye kwamba ni suala la utamaduni wa kizamani, ni hesabu tu, kitu cha maisha chataka sababu ya maisha.

Waliolishika jambo hili kwenye mzizi, kwa maoni yangu, ni wengine. China 2010 serikali ilipiga marufuku kumpima mtu B kama sharti la kazi au la kuingia shule, kwa sababu kwao watu wenye B walikuwa wanafungiwa milango ya kazi kama huyu mpwa wangu. Hawakuponya mtu kwa sheria, lakini walikiondoa kipimo kwenye lango.

Na Misri. Hii ya Misri kila nikiisimulia watu wananyamaza. Miaka ya 1960 na 1970 serikali ilikuwa inatibu kichocho kwa sindano, kijiji kwa kijiji, nia njema kabisa, na sindano zilezile zikirudiwa mtu kwa mtu, na hiyo kampeni ya afya ndo ikaeneza hepataitisi C ikawa nchi yenye C nyingi sana duniani. Watu wangekuwa na haki ya kutoamini tena mtu yeyote aliyevaa koti jeupe. Lakini 2018 wakaanza kupima nchi nzima, mamilioni kwa mamilioni, bure, na C ina dawa ya vidonge, wiki 8 hadi 12 na zaidi ya asilimia 95 wanapona kabisa, basi ukipatikana unapewa dawa, hakuna maneno. Na 2019 wakaingiza wakimbizi na wageni wanaoishi nchini humo kwenye mpango huohuo. 2023 Shirika la Afya Duniani likawapa cheti kwamba wako njiani kuimaliza C. Nadhani kilichowarudisha watu ni kwamba karatasi ya majibu ilikuwa na dawa nyuma yake. Hapa Malindi C nayo ipo, hasa kwa wenzetu waliokuwa wakijidunga unga, na tangu 2015 tuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, na wale vijana wanakuja kila siku asubuhi, yaani watu ambao kila mtu alisema hawatafika hospitali wanafika kila siku. Wanafika sababu wanapokwenda wanapewa kitu.

Ndo maana napinga kabisa hizi siku za kupima halafu basi. Wanakuja na hema, wanatoboa vidole, wanapiga picha na fulana, mwenye B anaambiwa nenda hospitali kubwa, asiye nayo anaambiwa hongera. Hongera ya nini? Asiye nayo ndo wa kuchanjwa palepale, chanjo ipo duniani tangu 1982, dozi tatu kwa mtu mzima, leo, baada ya mwezi, na mwezi wa sita. Kama hukuja na chanjo na huna mpango wa kurudi mara mbili, mimi ningekuomba kwa heshima usije kwanza. Na mwenye nayo aandikiwe jina la mtu, sio jina la jengo, atakayempokea akifika. Familia isiyo na kipande haiwezi hata kujisajili SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kwa hivyo ukimwambia nenda hospitali kubwa umemrudisha kwenye lile lango lile.

Watoto sasa, na hapa nitakaa kidogo manake ndo kiini cha yote. Mtoto akiipata B wakati wa kuzaliwa, watoto 9 kati ya 10 inabaki mwilini maisha yote. Mtu mzima akiipata, chini ya 5 kati ya 100 ndo inambakia, wengine mwili unaifukuza wenyewe. Kwa hivyo huu ugonjwa wa wazee wa miaka hamsini wenye tumbo lililojaa maji mara nyingi ulianza siku walipozaliwa. Kenya iliingiza chanjo ya B kwa watoto wote 2001, ndani ya ile sindano moja ya magonjwa matano, Somalia ikaingiza 2013. Mpwa wangu kazaliwa 1998. Hesabu mwenyewe, hawa vijana wote wenye miaka 25 kwenda juu wanaopanga foleni ya medikali za Ghuba wengi wao hawakuchanjwa utotoni, tunawapeleka kwenye mtihani ambao hakuna aliyewafundisha. Na hata hiyo sindano ratiba tuliyoizoea inaanza wiki ya 6, wakati mtoto wa mama mwenye B anahitaji dozi ndani ya saa 24 za kwanza, wiki ya 6 kwa huyo ishachelewa. Kwa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya B duniani yako Afrika, na watoto wachanga waliopata hiyo dozi ya mwanzo Afrika walikuwa asilimia 18. Mama mhamiaji anayejifungulia nyumbani kwa mkunga sababu anaogopa kuulizwa kipande, mtoto wake hayumo kwenye hiyo 18.

Mkunga huyo ndo mtu wa kwanza ningempa mafunzo na chanjo ndani ya kisanduku cha baridi, kabla ya imamu, kabla ya chifu, kabla ya redio. Samahani kwa masheikh wangu, hutuba ya Ijumaa inafanya kazi na mimi mwenyewe nimeomba itolewe, lakini inawafikia wanaume, na anayejua nani ana mimba na nani amezaa jana usiku ni mkunga.

Kuna kitu chengine wengi hawakisemi. Si kila mwenye B anahitaji dawa, wengi ni kufuatiliwa, damu na picha ya ini kila miezi sita, ila wanaohitaji wanapewa tenofovir, na tenofovir ndo ileile iliyomo ndani ya vidonge vya ukimwi. Mtu anatoka hospitali na chupa, jirani anaijua ile chupa, kesho mtaa mzima una habari na ndoa inatetereka. Dadangu, mama wa huyu kijana, naye alipimwa, anayo, na yeye alianzishiwa dawa. Alihamishia vidonge kwenye kopo la iliki miezi mitatu. Nilipomuuliza kwa nini hakumwambia mumewe, akaniangalia akasema, "Kakangu, nimwambie kwa neno gani?" Nami sikuwa na neno la kumpa. Tukamtafuta nesi tunayemjua, akaja nyumbani baada ya Magharibi bila sare, bila rejista, akakaa mkekani na mume na mke na watoto wakubwa, akaeleza saa nzima. Shemeji akauliza maswali mengi kuliko sote. Akapimwa, hana, akaanza chanjo, na ile chupa sasa iko juu ya kabati wazi.

Mpwa wangu anaendesha tuktuk, ini lake bado zuri alhamdulillahi, anafuatiliwa, na kikombe chake kimerudi kabatini kimechanganyika na vyengine hata hukijui. Mimi nilipimwa sina, nimechanjwa zote tatu.

Aliyebaki ni mamangu. Mdogo wake anayo, mwanawe anayo, mjukuu anayo, na mtu yeyote anaona huo mstari unapita wapi. Mamangu mdogo anatuma voisi kila wiki kutoka Columbus, mpimeni dada, mpimeni dada. Juzi nikakaa naye barazani nikamweleza taratibu, nikamwambia nesi atakuja hapahapa nyumbani. Akaniangalia muda, kisha akaniuliza, "Mimi nipimwe niende wapi?" Nikamwambia mama, huendi popote, ni sisi twataka ukae. Akatafuna tambuu yake kimya, halafu akauliza huyo nesi anakuja siku gani, na kama majina yataandikwa.